Kukunja bomba la keria ya pikipiki nyumbani bila kulibonyeza: mwongozo kamili

Keria nyingi za kujitengenezea ninazoombwa kuzirekebisha zina kasoro ileile: bomba limenyooka vizuri huku na huku, lakini penye kona limekuwa bapa, au upande wa ndani umejikunjakunja kama shati lisilopigwa pasi. Mwenye kazi hudhani alikosa nguvu, akatafuta mtu wa pili wa kuvuta, na bomba la pili likaharibika kuliko la kwanza. Nguvu haikuwa tatizo. Bomba hubonyea kwa sababu ndani yake kuna nafasi ya kubonyea, na ubavuni kuna nafasi ya kupanuka. Ukiziziba nafasi hizo mbili kabla ya kuvuta, kona itatoka ya mviringo hata kama unavuta peke yako.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kukunja bomba la umbo la U linalozunguka sehemu ya nyuma ya keria, lenye kona mbili za digrii 90, kwa njia ya mchanga na moto. Nimechagua njia hii kwa kuwa vifaa vyake vinapatikana, na kwa kuwa inaonyesha wazi kila kosa linaloweza kutokea.

Jambo moja nalisema mapema na kwa uzito wote. Usitumie njia hii kwa usukani, kwa fremu, wala kwa mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Sehemu hizo zikivunjika mwendoni, mtu hufa, na bomba lililopashwa moto kwa kukadiria rangi kwa macho halina uhakika wa kubeba dhamana hiyo.

## Vitu vya kuandaa

Bomba la chuma jeusi, si la mabati, lenye kipenyo cha nje cha milimita 25.4, yaani inchi moja, na unene wa ukuta wa milimita 2. Ukuta wa milimita 1.2 ni wa viti vya bustani. Utakunjika kwa shida na utapasuka penye uchomeleaji.

Mchanga laini wa mto, uliochekechwa, usiopungua lita moja. Bomba la mita 1.4 humeza takriban nusu lita, lakini utahitaji wa ziada kwa sababu hushuka unapogongwa. Walio pwani wasichote mchanga wa ufukweni: una chumvi, na chumvi itakayobaki ndani ya bomba italila kwa kutu.

Vizibo viwili vya mti, kila kimoja kirefu milimita 60 na kilichochongwa kwa kuchongoka kidogo. Kimoja kitobolewe katikati kwa tundu la milimita 2.

Kalibu ya kukunjia, yaani duara la chuma lenye mfereji ambalo bomba huvutwa kulizunguka, na ambayo nitaieleza hapa chini. Jiliwa, yaani vaisi, iliyofungwa kwa bolti kwenye meza nzito. Mitungi ya gesi ya asetilini na ya oksijeni pamoja na tochi yenye mdomo mpana, au tanuri la mkaa lenye mvukuto au feni.

Utepe wa kupimia, kalipa ya kupimia kipenyo, chaki ya mafundi wa kuchomelea, senta panchi (chuma chenye ncha cha kugongea alama), nyundo ya mbao, msumeno wa chuma, kipande cha engo, yaani chuma cha umbo la L, chenye urefu wa mita moja, na nondo ya milimita 6 ya kutengenezea kielelezo.

Glavu za ngozi, miwani ya kinga, barakoa ya vumbi, viatu vilivyofunika miguu, na ndoo ya mchanga mkavu kwa ajili ya kuzima moto.

### Kwa nini si bomba la mabati

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi na huchemka kwenye nyuzi 907, na chuma cha kukunjwa hufikia joto hilohilo. Moshi mweupe unaotoka ukiuvuta hukuletea homa, baridi na kifua kubana usiku uleule. Kulikwangua kwa tupa hakutoshi, kwa sababu zinki iko ndani ya bomba vilevile.

### Kwa nini si mashine ya jeki ya mabomba ya maji

Wengi hukimbilia mashine ile ya jeki inayopatikana kwa mafundi bomba, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Vitandiko vyake, yaani vipande vyenye mfereji ambamo bomba hukaa, vimetengenezwa kwa vipimo vya mabomba ya maji, na kipimo cha bomba la maji si kipenyo chake cha nje. Bomba la maji linaloitwa la robo tatu lina kipenyo cha nje cha milimita 26.9, na linaloitwa la inchi moja lina milimita 33.7. Bomba letu la inchi moja la samani ni milimita 25.4. Ukiliweka kwenye kitandiko cha robo tatu, linabaki na nafasi ya milimita moja na nusu ya kupanukia, na nafasi hiyo inatosha kulifanya bapa. Zaidi ya hapo, ukuta wa bomba la maji ni mnene kuliko wetu, ndiyo maana lenyewe hustahimili kusukumwa katikati bila mchanga.

## Hatua ya 1: Tengeneza kalibu

Kona ikiwa kali mno, upande wa nje hunyooshwa kupita kiasi na wa ndani hubanwa hadi ujikunje. Kwa anayeanza, nusu kipenyo cha kona, kikipimwa hadi katikati ya bomba, kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Hapa tutatumia milimita 80. Kwa kipimo hicho, ukuta wa milimita 2 utapungua upande wa nje hadi milimita 1.7 hivi, nao bado unatosha kwa keria.

Ondoa nusu ya kipenyo cha bomba kwenye 80 utapata 67.3. Basi, duara la kati la kalibu liwe na kipenyo cha milimita 135. Unene wake uwe milimita 26: bamba mbili za milimita 12 na moja ya milimita 2 zikibanwa pamoja. Pande zote mbili funika kwa bamba za milimita 6 zenye kipenyo cha milimita 175, kisha pitisha bolti nene katikati na mbili pembeni ili zisizunguke. Fundi wa kukereza akikutengenezea mfereji wa mviringo kwenye kipande kimoja ni bora zaidi, lakini bamba zinatosha.

Kuta hizo mbili za pembeni ndizo siri ya kalibu. Bomba haliwezi kubonyea kati ya upande wa ndani na wa nje wa kona bila kupanuka ubavuni, na hapa ubavuni limeachiwa milimita 0.3 tu kila upande. Kalibu isiyo na kuta, kwa mfano kipande cha bomba kubwa kilichochomelewa mezani, ndiyo inayotoa zile kona bapa.

Karibu na ukingo wa kalibu, chomelea kishikizo cha U kitakachobana mwanzo wa bomba usiteleze unapovuta.

Kalibu imefaulu ikiwa kipande cha bomba baridi kinaingia mfereji kwa kusukumwa na vidole na hakichezi kulia na kushoto.

## Hatua ya 2: Piga hesabu na uchore alama

Tuseme keria yako ina mikono ya milimita 400 na upana wa milimita 260, vyote vikipimwa katikati ya bomba kana kwamba kona ni za mraba. Jumla ni 1060. Lakini kona ya mviringo hukata njia, kwa hiyo bomba halisi ni fupi kuliko hapo. Kwa kila kona ya digrii 90, toa nusu kipenyo mara 0.43. Kwa 80, ni milimita 34. Kona mbili ni 69, na urefu unaohitajika ni milimita 991.

Ongeza milimita 200 kila ncha. Wengine huona huo ni upotevu, lakini ncha hizo ndizo zitakazobeba vizibo, ndizo zitakazokuwa mpini wa kuvutia, na mwisho utazikata. Jumla ni 1391, basi kata 1400 na uiweke ziada hiyo ndogo kwenye ncha ya mbali. Bomba la mita 6 litakupa vipande vinne, na nakushauri kipande kimoja ukitenge kwa majaribio.

Urefu wa tao la kila kona ni 80 mara 1.571, yaani milimita 126. Ukianza kupima kwenye ncha moja, alama zako ni hizi:

- 520: mwanzo wa kona ya kwanza
- 646: mwisho wa kona ya kwanza
- 746: mwanzo wa kona ya pili
- 872: mwisho wa kona ya pili

Kabla ya alama hizo, laza engo juu ya bomba ikiwa imefunguka chini. Itajikalia yenyewe sambamba na bomba, nawe uchore mstari mrefu pembezoni mwake. Mstari huu utakuokoa kwenye hatua ya 6. Uchore upande uleule ulipo mshono wa bomba, yaani mstari lilipochomelewa kiwandani, kwa sababu mshono unatakiwa uwe ubavuni wakati wa kukunja, si upande wa nje unaonyooshwa wala wa ndani unaobanwa. Ukiuweka nje, unaweza kufunguka kama mshono wa gunia lililojazwa mno.

Gonga senta panchi kidogo kwenye alama, juu ya mstari huo wa ubavuni. Chaki pekee inaweza kupotea motoni. Usigonge kamwe upande wa nje wa kona, maana ufa huanzia penye kovu.

Mwisho, chora umbo lote kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu au plaiwudi, kisha kunja nondo ya milimita 6 ifuate mstari wa katikati. Hicho ndicho kielelezo utakachokilinganisha na bomba likiwa bado la moto.

## Hatua ya 3: Kausha mchanga

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye hatari kuliko zote. Maji yakigeuka mvuke hupanuka takriban mara 1700. Kijiko kimoja cha maji kilichofungiwa ndani ya bomba la moto kinatosha kurusha kizibo kama risasi. Miaka ya mwanzo niliwahi kutumia mchanga ulioanikwa juani siku nzima, nikauona mkavu na kuupitisha vidoleni ukamwagika vizuri. Kizibo kilitoka, kikatoboa bati la banda, na nafasi niliyokuwa nimesimama ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mstari wake. Tangu siku hiyo siamini jua.

Kaanga mchanga kwenye kikaango kizee au kipande cha bati juu ya moto, ukiukoroga kama unavyokaanga karanga. Mwanzoni utatulia na kushikamana, kisha utaanza kutiririka kama maji kila unapougusa. Usiishie hapo. Funika kwa kioo au mfuniko wa kioo baridi kwa nusu dakika: kikitoka na ukungu, mchanga una maji bado. Kikitoka kisafi mara mbili mfululizo, umekauka.

Vaa barakoa wakati wa kuchekecha na kukaanga. Vumbi la mchanga likiingia mapafuni halitoki.

Tumia mchanga siku hiyohiyo, ukiwa umepoa kiasi cha kushikika. Ukilala wazi usiku kucha utavuta unyevu upya.

## Hatua ya 4: Jaza na ushindilie

Pigilia kizibo kisicho na tundu kwenye ncha moja, simamisha bomba kikiwa chini, na umimine mchanga kwa kopo na funeli, ukihesabu makopo, hadi kiasi cha upana wa kiganja. Gonga bomba kwa nyundo ya mbao, ukianzia chini na kupanda taratibu huku ukilizungusha. Mimina tena, gonga tena.

Sikiliza sauti. Penye nafasi bomba hulia kama kengele. Penye mchanga ulioshikana hutoa mlio mfupi uliozibika, kama unagonga gogo. Bomba likionekana limejaa, endelea kugonga kwa dakika tano zaidi, na utaona mchanga umeshuka tena vidole viwili au vitatu mdomoni. Jaza pengo hilo na urudie mpaka usishuke kabisa. Nimewaona mafundi wazuri wakiharibu kazi kwa kukatisha dakika hizo tano.

Pigilia kizibo chenye tundu mpaka kikandamize mchanga. Usichomelee vifuniko vya chuma badala ya vizibo vya mti. Tundu lile ni njia ya mvuke kidogo uliosalia, na kizibo cha mti hutoka kabla bomba halijapasuka. Kwa hiyo, katika hatua zote zinazofuata, ncha hizo zisielekee mtu, mlango wala mtungi wa gesi.

Umefaulu ikiwa bomba lote lina mlio mmoja tangu ncha hadi ncha.

## Hatua ya 5: Pasha moto na ukunje kona ya kwanza

Fanya kazi hii kivulini. Juani chuma chekundu huonekana cheusi, na utakipasha kupita kiasi bila kujua.

Pasha kati ya alama 520 na 646, pamoja na milimita 25 za ziada kila upande. Zungusha bomba wakati wote na usogeze moto kwenda na kurudi, kwani sehemu itakayokuwa ya moto zaidi ndiyo itakayokunjika peke yake, na kona itakuwa na kiwiko. Kwa kuwa mchanga nao unanyonya joto, usiwe na haraka: ukuta ukishakuwa mwekundu, endelea kidogo ili mchanga wa ndani nao ushike moto.

Rangi unayoitafuta ni wekundu mwangavu unaokaribia chungwa, ambao ni kati ya nyuzi 850 na 950. Ukiona umekuwa manjano na cheche zinaruka, umeunguza chuma. Kipande hicho kitupe. Ukiona wekundu umefifia na kuwa mweusimweusi, acha kuvuta mara moja na upashe upya. Chuma laini kati ya nyuzi 200 na 370 hivi hukakamaa na kukatika kwa urahisi kuliko kikiwa baridi kabisa, na anayeng'ang'ania kumalizia digrii chache kwa bomba linalopoa ndiye anayepata nyufa.

Ingiza bomba kwenye kalibu, alama ya 520 ikiwa pale mfereji unapoanza kupinda, mshono ukiwa ubavuni, na kishikizo kimebanwa. Shika ncha ya mbali kwa mikono miwili na utembee nayo kuizunguka kalibu kwa mwendo mmoja wa polepole, ukiivuta kidogo kuelekea kwako ili bomba liikumbatie kalibu. Usisukume kwa mshtuko. Utahisi linakubali, kama udongo wa mfinyanzi, kisha linaanza kugoma. Hapo ndipo pa kusimama.

Sitarajii umalize digrii 90 kwa moto mmoja. Kunja hadi 45, toa, pasha tena, malizia. Kati ya moto wa kwanza na wa pili gonga kizibo kidogo, kwa sababu bomba la moto hutanuka na mchanga huweza kulegea.

Weka nondo ya kielelezo juu ya bomba likiwa bado jekundu na urekebishe papo hapo. Likikunjwa kwa moto halirudi nyuma kama lililokunjwa baridi, hivyo pembe unayoiona ndiyo utakayobaki nayo.

Liache lipoe lenyewe. Usilimwagie maji: chuma hupoa bila usawa na kujipinda, na maji yakiingia kwenye mchanga umerudi kwenye hatari ya hatua ya 3.

## Hatua ya 6: Kona ya pili, na vita ya kupinda mgongo

Kona ya pili hukunjwa kama ya kwanza, ila hapa kosa ni jingine: mikono miwili ya U inakosa kulala kwenye sakafu moja, na keria inakuwa kama kiti chenye mguu mfupi.

Bomba likiwa baridi, laza kona ya kwanza juu ya meza na uangalie ule mstari mrefu wa engo. Mstari huo ukiwa umetazama juu, bomba liingie kwenye kalibu mstari ukitazama juu vilevile, na mkono uliokwisha kukunjwa uwe sambamba na meza. Uwekee mkono huo tofali au kipande cha mbao cha kuegemea, ili uzito wake usilizungushe bomba utakapokuwa unavuta. Hakikisha pia kwamba kona zote mbili zinaelekea upande mmoja. Hili laonekana dogo, na bado nimeona umbo la S likitoka mikononi mwa watu makini.

Lilaze bomba kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Likigusa kote, umefaulu. Mkono mmoja ukiinuka kidogo, pasha ile sehemu iliyonyooka ya milimita 100 katikati ya kona mbili, bana upande mmoja kwenye jiliwa, na usokote upande wa pili mpaka ukae. Fanya hivyo kabla ya kutoa mchanga.

## Hatua ya 7: Mwaga mchanga na ukague

Toa vizibo, inamisha, na ugonge kwa nyundo ya mbao. Pima mchanga uliotoka kwa kopo lilelile ulilojazia. Ukipungua, upo uliokwama konani. Usiuache, kwa sababu utatunza unyevu na utaharibu uchomeleaji wa ncha.

Sasa pima kona kwa kalipa pale palipo pembamba zaidi. Mimi hukubali upungufu wa asilimia 8, yaani isiwe chini ya milimita 23.4. Pitisha pia kidole upande wa ndani: wimbi dogo linalohisika lakini halionekani si tatizo, ila mkunjo unaonasa ukucha ni wa kukataliwa.

Nyufa zitafute hivi. Paka mafuta ya taa upande wa nje wa kona, subiri dakika kumi, futa pakauke kabisa, kisha pakaa chaki nyeupe iliyosagwa. Penye ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Ufa wowote, hata wa nusu sentimita, maana yake ni kipande kipya. Usiuzibe kwa kuchomelea, kwani mzigo na mitikisiko ya barabara ya vumbi vitaufungua pembeni mwa mchomeleo.

## Hatua ya 8: Kata, funga, paka rangi

Kata ncha, sugua magamba meusi ya moto kwa brashi ya waya, na uchomelee masikio ya kufungia. Keria ifungwe kwa bolti kwenye matundu ya fremu yaliyokuwapo tangu kiwandani. Usiichomelee kwenye fremu. Ukilazimika kuchomelea chochote keria ikiwa juu ya pikipiki, fungua kwanza waya za betri, na uondoe tangi la mafuta ulipeleke mbali.

Toboa tundu la milimita 4 sehemu ya chini kabisa ya bomba ili maji ya mvua yatoke. Paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana chuma kilichosuguliwa huanza kushika kutu usiku mmoja tu wa masika. Baada ya kilomita mia za kwanza ukiwa na mzigo, kaza bolti zote upya na urudie kipimo cha mafuta ya taa na chaki kwenye kona zote mbili.